Kabla ya Kufunga Mnyororo: Kinga za Trekta Linalovuta

Ajali mbaya kuliko zote katika kazi ya kuvuta si ile ya trekta kuanguka ubavu. Ni ile ya trekta kusimama. Magurudumu ya mbele yanaacha ardhi, boneti inatazama mawingu, kisha chuma chote kile kinamrudia dereva mgongoni kwake, usukani ukiwa kifuani. Waliopima jambo hili wanasema kwamba tangu magurudumu ya mbele yanyanyuke mpaka trekta lifike pasipo na kurudi ni kama robo tatu ya sekunde, na sekunde moja na nusu inatosha kulilaza chali. Dereva mzuri anahitaji karibu muda huohuo ili tu atambue kinachotokea na kukanyaga klachi. Kwa hiyo ukisikia mtu anajisifu kwamba yeye "analisikia" trekta lake na atawahi, mwache ajisifu, ila usimpe mnyororo.

Sababu yake utaiona ukichuchumaa nyuma ya trekta ukatazama ekseli. Injini inazungusha ekseli, ekseli inazungusha magurudumu. Magurudumu yakigoma kuzunguka kwa kuwa yamezama kwenye tope, au kwa kuwa mzigo ulio nyuma hautaki kuja, nguvu ile haiendi popote. Inatafuta kitu kingine cha kuzungusha, na kilichobaki ni trekta lenyewe, linaloanza kuizunguka ekseli yake.

Marekani na Ulaya kuvuta kumegeuzwa mchezo. Mwaka 1929 watu walikuwa tayari wanashindanisha matrekta huko Marekani, na mwaka 1969 wavutaji wa majimbo kadhaa wakaunda chama chao, NTPA, ili kanuni ziwe moja. Trekta hufungwa kwenye chombo kinachoburuzwa chenye sanduku zito. Kadiri linavyokwenda ndivyo sanduku linavyosogea mbele na mzigo kuongezeka, mpaka trekta lishindwe au limalize futi 300, yaani mita 91 hivi. Injini zao zina nguvu za kutisha. Lakini ukizisoma kanuni zao utakuta sehemu kubwa haizungumzii nguvu. Inazungumzia mnyororo unafungwa wapi, nini kinazuia trekta kupinduka, na nani anaweza kuzima injini dereva akishindwa.

Kwetu Mbeya na Iringa kuvuta ni kibarua. Ni magogo ya msitu wa Sao Hill kule Mufindi, tela la viazi linaloteremka kutoka Isyonje, mpunga wa Mbarali, na ile kazi isiyo na bei maalumu: kunasua Fuso lililozama njiani msimu wa mvua, huku umati ukishangilia. Umati huo ndio uwanja wetu wa mashindano, hata kama hakuna kombe. Na sasa matrekta mengi mapya yanatoka India, na video nazo zinatoka India: matrekta mawili yamefungwa mgongo kwa mgongo, kila moja linavuta kwake, vijana wanapiga kelele. Kisichoonekana kwenye video hizo ni kwamba serikali ya jimbo la Punjab ilipiga marufuku michezo ya hatari ya matrekta Oktoba 2023, baada ya kijana mmoja kufa akionyesha ufundi wake mbele ya watu.

Mwongozo huu ni kwa mwenye trekta la kazi, na kwa yeyote anayefikiria kushindanisha matrekta kwenye sherehe. Vifaa ni karibu vilevile. Nimevipanga kwa namna ambavyo ningetumia fedha yangu, si kwa bei.

Anza na mahali pa kufungia

Nyuma ya trekta, chini ya difu, pana ulimi wa chuma wenye tundu la pini ya tela. Huo ulimi ndio kifaa cha kwanza cha usalama, na trekta lilikuja nao kutoka kiwandani. Kuvuta kokote kufanyike hapo. Si kwenye tundu la toplinki, si kwenye kasha la ekseli, si kwenye kiti, hata kama fundi amechomelea ndoano nzuri ya kung'aa juu ya difu.

Chukua futi. Egesha trekta mahali tambarare, matairi yakiwa na upepo wake sawasawa, upime kutoka ardhini hadi katikati ya ekseli ya nyuma. Kwenye matrekta yetu ya kawaida, ya nguvu za farasi 50 hadi 75, utapata kama sentimita 65 hadi 75. Sasa pima kutoka ardhini hadi kwenye ulimi. Utafute kati ya sentimita 35 na 45. Tofauti hiyo ndiyo uhai wako, na inafanya kazi hivi: mnyororo ukifungwa chini ya ekseli, trekta likianza kunyanyuka mbele, ulimi unashuka na kusogea chini ya trekta, nguvu ya kupindua inapungua, na mara nyingi magurudumu ya nyuma yatateleza kabla hujapata madhara. Mnyororo ukifungwa juu ya ekseli, mambo yanageuka. Mzigo unavuta kichwa cha trekta nyuma, na kila linavyonyanyuka ndivyo linavyozidi kurahisishiwa kazi ya kukuua. Wavutaji wa Marekani wenye mazimwi yao ya injini huruhusiwa ulimi usiozidi inchi 20, yaani sentimita 51, katika madaraja mengi. Ikiwa wao wanaogopa, wewe mwenye Massey 265 unayo sababu zaidi.

Tatizo letu ni kwamba Massey nyingi kongwe, na zile Valmet za Kibaha za miaka ya 1980 zilizobaki, zimeshapoteza ulimi wake. Uliazimwa, ukauzwa kama chuma chakavu, au ulikatika. Badala yake watu wanaweka upau wenye matundu kati ya mikono miwili ya kunyanyulia. Upau huo unafaa kwa tela jepesi, lakini mikono inapanda na kushuka. Dereva akigusa wenzo wa haidroliki kwa kiwiko tu, mahali pa kuvutia panapanda juu, na hesabu yote ya futi imekwisha. Ukilazimika kuutumia, weka stei za chuma zinazoufunga upau usipande, na kamwe usiutumie kuburuza gogo au kunasua gari. Kutafuta ulimi wa mtumba wa trekta la aina yako ni fedha iliyotumika vizuri kuliko rangi mpya.

Pini nayo isiwe kipande cha nondo kilichokunjwa kichwa. Nondo ya ujenzi haikutengenezwa kukatwa kwa ubavu, na ikikatika tela linabaki mlimani wewe ukiendelea, au ncha yake inaruka kama risasi. Nunua pini ya kipenyo kinachojaza tundu, yenye klipu ya kuizuia isiruke juu. Funga ulimi katikati kwa pini zake za pembeni ili usicheze kushoto na kulia unapovuta kwenye mwinamo.

Halafu chukua kopo la rangi nyekundu. Paka tundu la toplinki na sehemu zote za juu ya ekseli ambako mnyororo unaweza kunasa. Anayefunga mnyororo mara nyingi si dereva. Ni utingo, tena aliyeajiriwa jana, ambaye anatafuta mahali pasipo na matope. Kwake rangi itasema haraka kuliko wewe.

Jambo moja zaidi kabla sijatoka hapa, ingawa si kifaa. Trekta lenyewe likizama, kuna wanaofunga gogo kwa mnyororo kwenye magurudumu ya nyuma ili likanyage gogo na kutoka. Gogo linakwama chini ya trekta, gurudumu haliwezi kuzunguka tena, na ile hesabu ya ekseli niliyoieleza juu inakamilika mbele ya macho yako. Chimba, weka matawi, jaribu kutoka kwa kurudi nyuma, au ita trekta la pili.

Fremu na mkanda ni kitu kimoja

Mwaka 1959 Sweden iliagiza kwamba kila trekta jipya liwe na fremu ya kinga, yaani ile miguu ya chuma inayosimama nyuma au juu ya dereva. Kabla ya hapo, ajali za kupinduka zilikuwa zinaua watu kama 12 kwa mwaka kwa kila matrekta 100,000. Kufikia 1990 idadi hiyo ilikuwa imeshuka chini ya mtu mmoja. Katika kilimo ni vitu vichache vilivyookoa watu kwa kiwango hicho, na ni mabomba mawili ya chuma na bolti zake.

Lakini si bomba lolote. Fremu halisi imejaribiwa: imegongwa na kukandamizwa kwa nguvu maalumu kulingana na uzito wa trekta, na haikutakiwa iwe ngumu tu. Inatakiwa ipinde kidogo ikimeza pigo, bila kuingia mahali anapokaa dereva. Ndiyo maana ina kibao kilichoandikwa aina ya trekta na kiwango ilichotimiza, cha ISO au OECD. Kama hakuna kibao, uliza maswali. Fremu ya mabomba ya maji iliyochomelewa gereji inaweza kukatika kwenye maungio trekta linapogeuka, ikawa mkuki. Ninawaheshimu mafundi wa Mafinga na wa Mbeya kwa mambo mengi, ila hili nawasihi walikatae.

Jihadhari pia na paa. Matrekta mengi yanauzwa na paa la kuzuia jua juu ya nguzo nne nyembamba, na mnunuzi anadhani amepata kinga. Paa hilo linakukinga na jua la Usangu. Trekta likipinduka linakunjwa kama sahani ya bati. Unapokwenda viwanja vya John Mwakangale wakati wa Nane Nane, pale Mbeya, na muuzaji anakueleza matumizi ya dizeli na idadi ya giya, mwulize swali moja: "Fremu hii ina kibao cha majaribio?" Ukimwona anaanza kukuonyesha redio, umeshapata jibu.

Kwa trekta kongwe, tafuta fremu iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli hiyohiyo. Kwa modeli zilizosambaa duniani kama Massey 135, 165 au 290, fremu hizo zipo, na wakala mwenye maduka ya vipuri anaweza kuagiza. Ikifika, osha kasha la ekseli mpaka uone chuma, ukague kama lina nyufa, kwa kuwa fremu hufungwa hapo. Tumia bolti zilizokuja nayo. Kama zimepotea, nunua zenye alama ya ugumu uleule kichwani, alama 8.8 ni ya kawaida, na bolti isiyo na alama yoyote ni ya kufungia mlango wa banda. Kaza kwa spana ya kupimia nguvu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye maelekezo. Baada ya siku chache za kazi rudia kukaza. Usitoboe fremu ili kufunga taa au kioo, usiichomelee hata doa moja, maana moto unabadilisha chuma, na ikishapinduka mara moja au kupinda kwa namna yoyote, itupe. Usiinyooshe.

Mkanda wa kiunoni ni nusu ya pili ya kifaa hichohicho. Fremu inalinda eneo fulani, na mkanda ndio unaokubakisha ndani ya eneo hilo. Bila mkanda, trekta linapopinduka unarushwa nje, na mara nyingi fremu yenyewe ndiyo inayokulalia. Kwenye viti vya zamani vya springi, mkanda usifungwe kwenye bati la kiti tu. Uunganishwe kwa kamba imara hadi kwenye mwili wa trekta, ili kiti kising'oke nawe. Na kinyume chake ni kweli: trekta lisilo na fremu, au lenye fremu ya kukunja iliyolazwa chini, usifunge mkanda. Hapo mkanda unakufunga chini ya tani mbili za chuma.

Suala la abiria lina jibu fupi. Kiti kimoja, mtu mmoja. Wanaokaa kwenye madigadi mawili ya nyuma hawana fremu wala mkanda, na gurudumu liko sentimita chache kutoka kwenye paja.

Na kama trekta lako halina fremu na haipatikani? Basi trekta hilo lilime tambarare, lisivute magogo, lisipande Uporoto wala Kilolo na tela, lisinasue magari. Najua mwenye mali atakasirika. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haimwulizi kama amekasirika. Inamtaka mwajiri ahakikishe mazingira ya kazi ni salama, na dereva anayelipwa kwa eka ni mfanyakazi.

Kuzima injini

Katika mashindano, nyuma ya kila trekta pana kamba ya waya iliyounganishwa na mzigo. Trekta likikatika kutoka kwenye mzigo, kamba inavuta kizimio na injini inakufa papo hapo, iwe dereva ana fahamu au hana. Kwenye shamba hatuhitaji kuiga yote hayo. Tunahitaji kwanza kizimio cha kawaida kifanye kazi.

Injini ya dizeli ya zamani haizimwi kwa kukata umeme. Ukichomoa betri inaendelea kuunguruma kama haikusikii. Inazimwa kwa kukata mafuta kwenye pampu, na kazi hiyo hufanywa na kebo yenye kishikio pale kwenye dashibodi. Nenda kaitazame kebo hiyo sasa hivi. Kwenye matrekta mengi imekatika siku nyingi, na dereva anazima kwa kuingiza giya na kuachia klachi, au anashuka kwenda kusukuma wenzo wa pampu kwa mkono. Kebo mpya ni kipuri cha bei ndogo, na fundi pikipiki atakusaidia kuipata au kuitengeneza. Weka springi inayorudisha wenzo, na kishikio chekundu kinachofikika ukiwa umefunga mkanda. Kwa trekta linaloendesha mashine ya kupukuchua mahindi, vuta kebo ya pili hadi nyuma, mahali anaposimama mlishaji, kwa sababu shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine, inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Khanga ikinaswa hakuna atakayekimbia hadi mbele kwa wakati. Shafti hiyo iwe na gamba lake la plastiki, na juu ya mdomo wa PTO pawe na ile kofia ya bati ambayo kila mtu huing'oa ili kupaka grisi na hairudishi.

Kuna pia upande wa kuwasha. Stata ikichoka, watu huigonga shoti kwa bisibisi wakiwa wamesimama chini, mbele ya gurudumu kubwa. Trekta likiwa kwenye giya linawaka na kuondoka, na aliye karibu zaidi ni huyo mwenye bisibisi. Matrekta mengi yana swichi inayokataa kuwasha mpaka giya ziwe huru au klachi ikanyagwe. Fundi akikwambia ameiunganisha moja kwa moja "ili isikusumbue," mrudishe akaitenganishe.

Uzito

Hapa pana mtego. Ukiongeza uzito mbele, vile vyuma vinavyopangwa kwenye pua, trekta linakaa chini na usukani unashika. Kadirio zuri ni kwamba angalau sehemu moja ya tano ya uzito wote ibaki kwenye magurudumu ya mbele hata ukiwa na zana nyuma. Tumia vyuma vya kiwandani vyenye bolti yake, si mawe kwenye gunia, na wala si vijana watatu kwenye boneti. Hao wa boneti nimewaona wakisifiwa kwa ujasiri. Trekta likinyanyuka ndio wa kwanza kuanguka, na wanaanguka mbele ya magurudumu.

Uzito wa nyuma ndio wenye hila. Kujaza maji kwenye matairi ya nyuma, kiasi cha robo tatu ya tairi, kunaongeza mshiko, na kwa kulima ni jambo jema. Kwa kunasua gari ni hadithi nyingine. Tairi linaloteleza ni kama fyuzi: linakukatia nguvu kabla kitu kikubwa hakijaharibika. Ukiliondolea uwezo wa kuteleza, kwa maji, kwa minyororo ya tairi, kwa difloki, nguvu itatafuta pengine pa kwenda. Kwa hiyo kila unapoongeza nyuma, ongeza mbele, na uwe na fremu.

Mnyororo, na wanaosimama karibu nao

Mnyororo wa kufungia ng'ombe hauvuti Fuso. Nunua mnyororo wa daraja la 80, wenye alama ya 8 au 80 kwenye baadhi ya pete zake. Wa milimita 10 umepewa mzigo wa kazi wa tani 3.15, wa milimita 13 tani 5.3. Kumbuka kwamba gari lililozama hadi ekseli linaweza kudai nguvu inayokaribia uzito wake wote. Ndiyo sababu ushauri wa kwanza kwa mwenye Fuso ni kushusha mbao. Atalalamika kuhusu vibarua. Mwache alalamike.

Kamba ya nailoni inavutika na kuhifadhi nguvu. Ikikatika, au ndoano iliyofungwa kwenye bampa ikang'oka, inarudi kwa kasi ya kupasua kichwa. Kwa vyovyote unavyovuta, weka gunia zito lililolowa maji katikati ya mnyororo au kamba ili liibane ikikatika. Watu wasimame mbali, angalau mara moja na nusu ya urefu wa kamba, na pembeni, si kwenye mstari wake. Kwa kazi ya msituni, ambako kebo ya winji hukatika na matawi huanguka, funga wavu wa chuma imara nyuma ya dereva, na dereva na utingo wake wavae kofia ngumu.

Kuvuta kwenyewe: giya ya chini, kaza mnyororo polepole mpaka ulegevu uishe, kisha achia klachi kwa upole. Usiruke nao. Ukihisi usukani umekuwa mwepesi mkononi, mbele kumeanza kunyanyuka.

Nipite haraka kwenye mengine. Pedali mbili za breki zifungwe pamoja kwa komeo lake ukiwa barabarani, la sivyo breki ya dharura itakugeuza badala ya kukusimamisha. Tela liwe na breki zake na mnyororo wa akiba mbali na pini, na ushuke mlima kwa giya ambayo ungepandia. Viakisi mwanga nyuma ya tela, kwa sababu barabara kuu ya Mbeya na Iringa ina malori ya Zambia usiku kucha. Mtungi wa kuzimia moto wa unga, kilo 2 au zaidi, uliofungwa mahali unapoweza kuuchukua ukiwa umesimama chini.

Kama kamati inataka mashindano

Ikiwa wilaya au kijiji chenu kinataka kuyaweka kwenye sherehe ya mavuno, yanaweza kufanyika kwa akili. Kwanza, marufuku kufunga trekta kwa trekta. Hapo kila mmoja ni mzigo wa mwenzake, hakuna anayejua nguvu itakavyobadilika, na aliyeshindwa anaburuzwa kinyumenyume akiwa bado anakanyaga mafuta. Tengenezeni sleji ya magogo au ya chuma, ipakiwe gunia za mahindi zilizopimwa kwa mizani, si lumbesa, na muongeze gunia kidogo kidogo. Mwendo uwe wa kutembea. Njia isawazishwe, iwe tambarare kabisa, na watazamaji wakae pande mbili nyuma ya kamba, mbali, pasiwe na mtu mwisho wa njia wala nyuma ya sleji.

Matrekta yapangwe kwa uzito, si kwa jina la kampuni wala kwa rangi. Kila linaloingia liwe na fremu yenye kibao, mkanda, ulimi usiozidi sentimita 50, na dereva mwenye kofia ngumu. Nyuma pafungwe vizuizi vya kupinduka: miguu miwili ya chuma inayotoka kwenye mwili wa trekta kwenda nyuma, ikiishia na magurudumu madogo au nyayo pana karibu na ardhi, ili trekta likinyanyuka mbele liketi juu yake badala ya kuendelea. Miguu hiyo lazima ibebe uzito wote wa trekta, hivyo isifungwe kwenye ulimi wala kwenye mikono ya kunyanyulia. Kazi hii ipelekwe kwa watu wa SIDO au walimu wa VETA, Mbeya au Iringa, wachore na kuijaribu kwa jeki kabla ya siku yenyewe. Ikiisha sherehe iondolewe, kwa kuwa shambani itanasa kwenye matuta.

Mwisho, kizimio cha kamba. Upande mmoja ufungwe kwenye sleji, upande mwingine kwenye wenzo wa pampu, ukiwa na ulegevu wa kutosha kwa kona ndogo tu. Asubuhi ya mashindano, kabla ya kuchora mstari wa kuanzia, dereva akae kitini, trekta likiwa halina giya, injini ipandishwe hadi mwendo wa kazi, na mkaguzi avute kamba hiyo kwa mkono. Ikizima, trekta limepita. Isipozima, linarudi kuegeshwa chini ya mti, hata kama mwenye nalo ndiye aliyetoa mbuzi wa zawadi.